Mama Tekla Kokushubila, Aliyelihamisha Soko la Kisimani

Padre, Mzee Adelard, ndugu wa Bukoba na ndugu wa Pwani, na nyote wa Soko la Kisimani mliofunga biashara zenu leo, Jumatatu ya tarehe 5 Agosti 1957: aliyelala katika sanduku hili ni Tekla Kokushubila, mke wa Adelard, mpishi wa ndizi wa Temeke. Wasifu wake umeandikwa na unasomwa na bintiye wa pekee, Jovina, mwalimu. Marehemu mwenyewe aliagiza, akili zake zikiwa timamu, kwamba neno lisipunguzwe. Alikuwa na kawaida ya kusema kwamba chakula kilichopungua chumvi ni matusi kwa mlaji. Basi atakayeona humu chumvi imezidi ajue kuwa imetiwa kwa mkono wa mpishi.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1909 katika kijiji cha Kanyigo, Bukoba, mtoto wa tatu wa mkulima wa kahawa. Nyumbani kwao bado inasimuliwa habari ya senene, wale panzi wa kukaangwa. Alipokuwa na umri wa miaka saba hivi, kaka yake alimlia fungu lake lote la senene alilolihifadhi kwenye jani la mgomba. Tekla hakulia wala hakushtaki. Alingoja mwaka mzima, msimu wa senene ukarudi, akamkaangia kaka yake fungu zuri lililonona na kumpelekea kwa magoti mawili, kwa adabu zote. Katikati ya senene wale alikuwa ameficha pilipili kichaa ya kutosha ukoo mzima. Kaka yake yupo hapa leo, alisafiri kwa meli na gari moshi kuja kumwuguza dada yake na sasa anamzika, na tangu siku ile hajala kitu cha Tekla bila kukionja kwa ncha ya ulimi. Hiyo ndiyo ilikuwa tabia ya marehemu, na ni vizuri ijulikane mapema.

Alisoma kwa masista wa misheni kuanzia mwaka 1918 hadi 1922, akaishia darasa la nne. Alijifunza kusoma, kuandika, kushona na Katekisimu. Alijifunza pia kazi moja iliyokimbiwa na wasichana wenziwe, nayo ni kumwosha marehemu na kumwandaa kwa maziko. Sista aliyemfundisha alimwambia kwamba mtu huoshwa mara mbili katika maisha yake bila kuweza kushukuru, mara ya kwanza na mkunga na mara ya mwisho na jirani. Tekla aliishika kazi hiyo kama wengine walivyoshika sindano.

Tarehe 6 Februari 1929 alifunga ndoa na Adelard, karani, kijana mpole asiyependa ugomvi. Msimamizi wa bwana harusi alikuwa rafiki yake wa tangu utotoni, Projestus. Jina hili litarudi. Mwaka uliofuata Adelard aliajiriwa katika bohari moja ya Serikali hapa Dar es Salaam, na Projestus akawafuata baadaye na mkewe Demetria. Jovina alipozaliwa mwaka 1932, aliyesimama kando ya maji ya ubatizo akaahidi kumlinda mtoto dhidi ya shetani na hila zake zote alikuwa Projestus huyo huyo. Wahenga hawakukosea waliposema kikulacho ki nguoni mwako.

Mwaka 1933 familia ilihamia Temeke. Siku hizo Temeke ilikuwa mihogo, minazi na nyumba moja moja za udongo, na mtu akiita jirani alilazimika kuita kweli kweli. Kilichowakusanya watu kilikuwa kisima. Wanawake walipanga foleni ya madebe tangu asubuhi, na foleni ilikuwa ndefu, na mwanamke anayesubiri ana njaa na ana maneno. Somoe, ambaye yupo hapa, alianza kuja na samaki wa kukaanga kwenye ungo. Mwingine akaleta tambi, mwingine muhogo wa kuchoma. Hapakuwa na ruhusa ya mtu wala kibao cha mtu. Uwanja wa Soko la Kisimani ulianzishwa na wanawake waliochoka kusubiri maji, na mwanamume yeyote atakayedai vinginevyo aulizwe siku hiyo alikuwa wapi.

Marehemu alileta chungu chake mwaka 1935. Ndizi zilimfikia kwa gari moshi kutoka Morogoro, akazipika kwa maharage, vitunguu na nazi, mapishi ya Bukoba yaliyofundishwa adabu na Pwani. Nyama hakuitia hata siku moja, ili Mwislamu na Mkristo wale chungu kimoja bila kuulizana nani kachinja. Wanaume wa bandarini waliokaa Keko na Chang'ombe walizunguka njia kupita Kisimani. Mzee Hilal, mwenye duka la kona, alituma bakuli kila adhuhuri, mpaka mkewe Bi Jokha alipoamua kuja mwenyewe kumwona mwanamke anayemlisha mumewe.

Walianza kwa ugomvi. Tekla alimkaribisha kwa kahawa ya Bukoba, zile punje kavu za kutafuna, kama anavyokaribishwa mgeni wa heshima kwao. Bi Jokha aliitazama ile punje kiganjani.

"Mama Jovina, hii kahawa hujaipika."

"Haipikwi zaidi ya hapo, Bi Jokha. Inatafunwa."

"Kwetu anayetafuna kahawa ni punda aliyeingia ghalani."

"Basi kaa, punda wangu, utafune."

Bi Jokha alicheka mpaka mtandio ukamwanguka. Kesho yake alileta halua na birika la kahawa chungu, akamlazimisha Tekla kunywa vikombe vitatu, kila kimoja kikimkunja uso. Urafiki wao ulianzia hapo na haukupata kuvunjika.

Mwaka 1936 alikufa mke wa boi mmoja, binti wa bara asiye na ndugu mjini. Majirani Waislamu walikuwa na waosha wao na taratibu zao, ila huyu alikuwa Mkristo, wakaona haya kumgusa wasije wakakosea. Tekla alifunika chungu chake, akaenda, akamwosha, akamvika gauni lake mwenyewe la harusi. Tangu siku hiyo kila mwanamke wa bara aliyefia Temeke bila mama wala dada alioshwa na Tekla. Hakupokea hata ahsante ya sabuni. Aliwafundisha wenziwe, Bernadeta na wengine, ili kazi isimtegemee mtu mmoja. Akirudi alioga, alibadili khanga, alinawa mpaka viwiko, ndipo aliposhika mwiko. Soko zima lililijua hilo, na soko zima lilimheshimu kwa hilo.

Mwaka 1948 Serikali iliamua kwamba Kisimani sasa ni soko. Ilijengwa banda la bati upande wa mashariki wa uwanja, lenye meza za saruji, na akateuliwa karani wa kuligawa. Karani huyo alikuwa Projestus. Adelard alifurahi, akasema sasa mambo ni yetu, tuna mtu wetu ndani. Tekla alipewa meza ya kwanza, inayotazama kisima, kwa sababu hata kipofu angejua kwamba meza ile ni ya kwake. Alikuwa ameupikia uwanja ule kabla haujawa na bati.

Ila Bwana Projestus alikuwa na mke, na mke alikuwa na chungu. Demetria, Mungu amrehemu, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mpishi mbaya. Ndizi zake zilikuwa zimeiva nje na mbichi ndani, na maharage yake yalihitaji meno ya ujana. Bwana Projestus alitaka mkewe akae meza ya kwanza. Alimwomba Tekla ahame, Tekla akakataa. Alimtuma Adelard amwombe, Adelard akaomba huku anatazama miguu yake, Tekla akakataa. Karani hakuwa na kosa la kumwandikia. Akalitafuta.

Alhamisi ya tarehe 9 Juni 1949, saa ya chakula, uwanja umejaa, Bwana Projestus alipanda juu ya ukingo wa saruji wa kisima akapiga makofi. Maneno yake yanawekwa hapa kama yalivyosikiwa na wengi ambao leo wamesimama mbele ya kaburi hili.

"Nyie mnaokula, mnajua mnachokula? Mmewahi kujiuliza kwa nini mnapita vyungu vyote mnakuja kwa huyu mmoja? Anaosha maiti huyu! Yale maji hayamwagi. Anayaleta anapikia. Ndiyo yanayowavuta!"

Kila mtu wa Pwani na wa bara anajua uchafu wa neno hilo. Mpishi huweza kuitwa mchoyo, huweza kuitwa mlevi, akaendelea kupika. Mpishi akiambiwa anavuta wateja kwa maji ya maiti, amezikwa mzima. Na lilinata kwa sababu nusu yake ilikuwa kweli: maiti alikuwa akiosha. Wema wake ndio uliofanywa kamba ya kumnyongea. Watu walitema. Somoe aliyekuwa amekaa naye bega kwa bega miaka yote alimwaga sahani yake chini, na amelia kwa ajili ya sahani ile mara nyingi tangu wakati huo, pamoja na asubuhi ya leo.

Tekla alifuta mwiko wake. Akamtazama baba wa ubatizo wa mwanawe pale juu alipokuwa.

"Projestus," alisema, "hapo ulipopanda ndipo utakapopanda tena kuyarudisha maneno yako. Mie sina haraka."

Adelard alimshika mkono. "Mama Jovina, twende nyumbani. Maneno ya watu hupita."

"Yapite kwenda wapi, baba Jovina? Yameshaingia kwenye chungu changu."

Jioni hiyo meza ya kwanza ikapewa Demetria.

Waliodhani Tekla angekaa nyumbani walisahau senene, au hawakuwahi kusikia. Kesho yake alivuka uwanja na chungu chake kichwani, akapita mbele ya banda bila kugeuza shingo, akaenda upande wa magharibi, kwenye baraza ya duka la Hilal. Akapanga mafiga yake pale. Hakuna aliyekuja. Ndizi ziliiva na kupoa. Bi Jokha alikuwa Zanzibar kwa harusi wiki ile, na aliporudi akayasikia, hakuvua hata buibui, akaja moja kwa moja kwa Tekla.

Hapa inabidi lielezwe jambo ambalo watu wa soko wanalijua na watu wa ofisini huwa wanalicheka. Mfanyabiashara wa Kisimani hafungui siku yake hivi hivi. Mnunuzi wa kwanza ndiye anayeifungua. Kuna mwenye mkono mzito, akinunua wa kwanza mchana kutwa hutaona mteja, na kuna mwenye mkono mwepesi, akinunua kipande kimoja cha muhogo unauza ungo wote. Na katika uwanja mzima hapakuwa na mkono mwepesi kama wa Bi Jokha. Watu walikuwa wakimwamkia asubuhi na kumsihi, "Bi Jokha, nifungulie na mie leo." Yeye alizunguka akinunua hiki na kile, na alikotoka walifuata wengine.

Kuanzia siku ile Bi Jokha alimfungulia Tekla peke yake. Kila asubuhi alitoka dukani, akaketi kwenye mkeka mbele ya watu wote, mwanamke wa Kiarabu wa heshima zake, akasema kwa sauti ya kusikika bandani, "Mama Jovina, nipakulie, na mchuzi uzidi." Alikula kwa mkono na kulamba vidole. Bandani hakukanyaga. Walipomfuata kumsihi awafungulie, aliwajibu kwamba mkono wake umechoka, hauvuki tena uwanja. Anayeutaka aufuate ulipo.

Basi walianza kuufuata. Wa kwanza alikuwa Somoe. Alikuja na ungo wake wa samaki, akasimama mbali kidogo, akasema, "Shoga, nikae?" Tekla alimaliza kwanza kupakua. Halafu akamsogezea kigoda kwa mguu. Akamfuata mwuza tambi, akafuata kinyozi, kwa sababu kinyozi huenda palipo na watu. Mwaka 1951 fundi wa cherehani alitoka, na mwuza kahawa na kashata akatoka na mkaa wake. Kila aliyetoka alipanga upande wa magharibi, kuzunguka baraza, na uwanja ukageuka uso. Soko lilimfuata mpishi kama vifaranga wanavyofuata mama yao.

Bwana Projestus aliona meza zake zinabaki saruji tupu. Alileta askari kuwafukuza waliokaa nje. Askari walifika adhuhuri, jambo ambalo lilikuwa kosa kwa upande wake, kwani Tekla aliwakaribisha kwa heshima zote, akawaambia kazi nzito haifanywi na tumbo tupu, na mmoja wao akaomba aongezewe. Walirudi wakaripoti kwamba hawakuona fujo yoyote. Baadaye alikuja ofisa wa mji kutazama kwa nini banda la Serikali liko tupu. Alizunguka, akatazama watu, akaagiza mfereji wa maji machafu uchimbwe upande wa magharibi na taa iwekwe hapo hapo. Bandani akabaki Bwana Projestus na kiti chake, na mbuzi wa Bi Jokha ambao waliipenda sana ile saruji kwa ubaridi wake. Demetria alipika miezi michache zaidi kwa ajili ya mumewe, halafu naye akaona aibu akaacha.

Ndiyo maana mgeni akishuka Kisimani leo hushangaa. Anaona bati zuri la Serikali linalolala mbuzi, na mbele yake uwanja wa watu ambao hauna hata paa. Na uwanja ule una raha yake. Asubuhi kuna moshi wa muhogo na kelele za wanaogombea kufunguliwa. Mchana ni zamu ya ndizi na samaki, na wafanyakazi wanaokula wamesimama kwa sababu mkeka umejaa. Jioni zinawashwa karabai, santuri inapigwa kwenye mgahawa wa kona, kahawa inamiminwa na watu wanazungumza habari za chama na za uhuru utakaokuja. Watu wanatoka Mtoni na Mbagala, wapo wanaotoka hata Tandale wakiacha soko lao wenyewe. Wanadhani soko lilikuwa hivyo siku zote. Lilihamishwa na mwanamke aliyenyimwa meza, nalo halikurudi.

Ila marehemu hakuridhika. Hili lieleweke vizuri na wanaosema alikuwa ameshashinda, angesamehe tu. Watu walimrudia kwa sababu ya mkono wa Bi Jokha na utamu wa ndizi, na lile neno halikuwahi kufutwa. Mgeni akija, kuna mwenye kumnong'oneza. Mwaka 1953 mchumba wa Jovina alirudisha pete kwa sababu shangazi yake alisikia habari za maji. Binti aliumia, mama aliumia zaidi. Alikuwa na wateja, alikuwa na uwanja mzima, na jina lake lilikuwa bado liko pale juu ya ukingo wa kisima lilikotupwa.

Jumapili ya tarehe 14 Novemba 1954 Demetria alifariki kwa homa. Bwana Projestus aliwaita Bernadeta na wenziwe wamwoshe mkewe. Wakakataa. Bernadeta alimwambia usoni, "Sie tukimwosha, kesho utapanda kisimani useme tunapikia. Tafuta asiye na chungu." Alipita nyumba kwa nyumba mchana ule. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mwisho alisimama kwenye mlango wa Tekla na kofia mkononi.

Adelard alitaka kumkaribisha ndani. Tekla alimwacha pale pale mlangoni.

"Shemeji," alisema Projestus, "Demetria hajaoshwa."

"Najua. Temeke nzima inajua."

"Nakuomba. Yeye hakukukosea."

"Demetria nitamwosha. Ningemwosha hata usingekuja, sikuwa na ugomvi na maiti. Lakini maji utachota wewe. Kisimani. Kesho soko likiwa limejaa, kwa debe, kichwani mwako."

Projestus aliizungusha kofia mkononi. Kisha akasema, "Sawa."

"Nikishamaliza kumwosha, yale maji machafu utayabeba wewe, ukayamwage shimoni wewe, watu wakiona yanakokwenda."

"Sawa."

"Na msiba ukiisha utapanda pale ulipopanda, useme ulidanganya."

Projestus alilia. Akasema, "Shemeji, naapa kwa roho ya mke wangu. Matanga yakianuliwa nitasema."

Jumatatu ile uwanja ulijaa. Karani wa soko alivuka na debe kichwani, maji yakimchuruzika kwenye koti la mazishi. Hakuna aliyecheka, na marehemu alisema baadaye kwamba alisikitika kidogo kwa hilo, maana alikuwa amelitazamia cheko. Alimwosha Demetria taratibu kama alivyomwosha kila mtu, akamsuka nywele, akamfunga kidevu kwa kitambaa cheupe. Bwana Projestus akayabeba maji yaliyobaki, akayamwaga shimoni mbele ya macho ya watu.

Matanga yalianuliwa. Hakupanda. Alisema ana mafua. Alisema anamngoja Padre arudi kutoka safari. Mwaka uliofuata akachaguliwa mzee wa kanisa, akasema cheo hakimruhusu kupayuka sokoni, japokuwa kilipokuwa hakipo alipayuka vizuri tu. Mwishowe alianza kuwaambia watu kwamba Tekla alimwonea wakati wa msiba, akamdhalilisha mwanamume aliyefiwa na mke. Ahadi ni deni, na hii iliapwa juu ya roho ya mtu.

Marehemu alianza kuugua mwezi wa Septemba 1956. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, madaktari wakasema ni moyo. Alipika akiwa ameketi, baadaye Somoe akapika yeye akionja, na baadaye hata kuonja kukamshinda. Bi Jokha alikuja kila siku na uji wa ngano, akamlisha kwa kijiko, kwa mkono ule ule mwepesi, akisema, "Kula, punda wangu." Mzee Adelard, ambaye miaka yote hiyo alitazama miguu yake, alikwenda kwa rafiki yake mwezi wa Julai akamwomba aje aseme hata kitandani tu, mlango ukiwa umefungwa. Alijibiwa kwamba mambo ya zamani yasifukuliwe. Mzee Adelard alirudi nyumbani, akamwambia mkewe, "Ulikuwa na haki, nami nilikuwa mwoga." Tekla alimpapasa shavu. Hao walipatana.

Siku zake za mwisho, kila bintiye alipoingia kutoka shule, mama aliuliza neno moja tu.

"Kasema?"

"Bado, mama."

Jumamosi ya tarehe 3 Agosti 1957, alasiri, aliuliza tena, akajibiwa tena. Akasema, "Basi nizikeni, lakini yeye awepo." Alifariki muda mfupi baadaye, nyumbani kwake Temeke, akiwa na umri wa miaka arobaini na minane. Ameoshwa na Bernadeta kwa maji ya Kisimani, na Somoe na Bi Jokha wakawa nje ya pazia wakipokea madebe. Maji yamemwagwa shimoni, nyuma ya nyumba, na kila aliyetaka kuona aliruhusiwa kuona.

Marehemu ameacha mume, Mzee Adelard. Binti mmoja, Jovina. Kaka mmoja wa Kanyigo, aliyepona pilipili. Shoga zake Bi Jokha, Somoe na Bernadeta. Chungu kimoja ambacho kuanzia kesho kitashikwa na Somoe. Na uwanja mzima wa watu. Ameacha pia baba mmoja wa ubatizo wa mwanawe.

Jana, msibani, Bwana Projestus alimwomba Jovina nafasi ya kutoa neno la wazee wa kanisa kabla ya kufukiwa kaburi. Alikubaliwa bila kusita, na jina lake limechapwa katika ratiba mliyonayo mikononi, mara baada ya wasifu huu. Hapo kichwani mwa kaburi limewekwa jiwe. Marijani, mume wa Somoe, amelibeba alfajiri kwa mkokoteni. Ni kipande cha ukingo wa zamani wa kisima, ule ambao fundi aliubadilisha mwaka juzi, na wenye kumbukumbu watautambua. Marijani ndiye mwenye koleo, na wenziwe wana makoleo yao, na hakuna kati yao atakayegusa udongo kabla neno halijatolewa. Jua bado liko juu. Watu wa soko wamefunga biashara zao, hawana pa kukimbilia, wala marehemu hana haraka, alishasema.

Bwana Projestus, panda. Mama Tekla atapumzika kwa amani akishasikia.